Kwa nini mikono hugoma oksijeni inapokuwa haba

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mimi ni kocha wa kayaki za mbio fupi. Majuzi vijana wangu walipata nafasi ya kufanya mazoezi kwenye chumba ambacho oksijeni yake imepunguzwa hadi kama 14%. Niliwaweka kwenye baiskeli ya mikono: kuzungusha kwa nguvu zote sekunde 10, kupumzika sekunde 20, mara kumi. Mkupuo wa kwanza na wa pili nilidhani mtambo wa chumba umezimika, maana namba zilikuwa zilezile za nje. Ilipofika wa sita mikono ilikuwa imegoma, na wengine wakalalamika kwamba kifua kimebana. Siku mbili baadaye walirudia zoezi hilohilo kwa miguu, chumba kilekile, na hawakuporomoka kiasi hicho. Ndani ya misuli kunatokea nini? Kwa nini mikono zaidi? Kuna faida yoyote au nawatesa bure? Na yuko mmoja ameshanunua barakoa ya mazoezi, anasema ni chumba kilekile, ila cha kubeba mfukoni.

JIBU: Kocha, mtambo ulikuwa unafanya kazi sawasawa. Wewe ulikuwa unautazama mkupuo wenyewe, na uhaba wa oksijeni hauugusi sana mkupuo. Unagusa zile sekunde 20 ambazo vijana wanaachia mishikio na kutazama sakafu. Ukilishika hilo, mengi uliyoyaona yatajieleza, ingawa mikono ina mambo yake ambayo nitayafikia.

Tuanze na mkupuo. Msuli hukaza kwa ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na ATP iliyopo tayari ndani yake ni ya sekunde chache tu. Pembeni yake kuna fosfokreatini, akiba inayoirudisha ATP papo hapo bila kungoja chochote kutoka nje. Nyuma ya hiyo kuna glikojeni, sukari iliyohifadhiwa msulini, ambayo nayo huweza kuvunjwa haraka bila oksijeni. Katika utafiti unaojulikana sana wa mwaka 1993, Gaitanos na wenzake waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya kawaida, mikupuo kumi ya sekunde 6 kwa mapumziko ya sekunde 30, wakachukua vipande vya msuli kabla na baada. Mkupuo wa kwanza, karibu nusu ya nishati isiyotegemea oksijeni ilitoka kwenye fosfokreatini, na 44% kwenye glikojeni. Yote hayo ni mali iliyokuwa ndani ya ghala tangu jana. Oksijeni ya chumbani iwe 21% au 14%, ghala halijui.

Wala hili halikugunduliwa maabara. Kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mita 2240 juu ya usawa wa bahari, Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, rekodi iliyodumu hadi 1983, ilhali mbio ndefu zilikwenda taratibu kuliko kawaida. Hewa nyepesi ya huko ilimpunguzia mkimbiaji upinzani, kweli, lakini jambo la msingi ni kwamba uhaba wa oksijeni haukumwangusha. Mkupuo mmoja huanza na kuisha kabla oksijeni haijadaiwa.

Deni linakuja kudaiwa wakati wa mapumziko. Kuijaza upya fosfokreatini ni kazi ya mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, na mitokondria hazifanyi kazi bila oksijeni. Miaka ya 1970 Eric Hultman na wenzake huko Uswidi walilionyesha hili kwa njia rahisi kabisa: baada ya kuchosha paja, waliziba mzunguko wa damu, na fosfokreatini haikurudi. Mwaka 1999, Luke Haseler na wenzake wakapima msuli wa shavu la mguu kwa watu waliozoea mazoezi. Walipovuta hewa yenye oksijeni 10%, akiba ilirudi polepole kuliko kawaida; walipovuta oksijeni tupu, ilirudi haraka kuliko kawaida. Kwa hiyo hata kwa mtu mzima wa afya, kasi ya kujaza ghala inafuata kiasi cha oksijeni kinachofika.

Hebu nikufanyie hesabu, ya kubuni, kwa ajili ya kuona tu umbo la jambo. Tuseme ghala limejaa kwa 100 na kila mkupuo unakula 30. Tuseme kwenye hewa ya kawaida nusu ya pengo huzibwa kwa sekunde 30, na chumbani kwako kwa sekunde 40. Tofauti ndogo, siyo? Kabla ya mkupuo wa pili, wa nje ana 81 na wa chumbani ana 79. Hapo ndipo ulipodhani mtambo umezimika. Endelea kukata 30 na kujaza kwa sekunde 20 kila mara. Kabla ya mkupuo wa sita wa nje ana 54, wa chumbani ana 40. Mbele zaidi, wa nje anatulia karibu na 49 na anaweza kuendelea hapo. Wa chumbani anaelekea 28, ambayo haitoshi hata mkupuo mmoja kamili. Msuli halisi hauna hesabu nyoofu hivyo, kwa sababu nguvu hushuka kabla ghala halijakauka, lakini mkondo ni huo. Madhara yanajilimbikiza kama riba.

Kuna jambo lingine linalofanya mikupuo ya mwisho itegemee oksijeni zaidi. Katika utafiti ule wa 1993, kufikia mkupuo wa kumi nguvu ya wastani ilikuwa imeshuka hadi 73% ya ule wa kwanza, na mchango wa glikojeni ulikuwa umepungua sana. Lakini nguvu haikushuka kwa kiasi kilekile, maana yake pengo lilikuwa limezibwa na fosfokreatini pamoja na oksijeni. Zoezi linaloanza kama la nguvu za ghafla linageuka, katikati ya safari, kuwa la pumzi. Ukiibana oksijeni, unamnyang'anya mchezaji tegemeo hilo pale anapoanza kulihitaji.

Sasa kuhusu hewa yenyewe, kwa sababu wengi wanachanganya. Mlimani oksijeni haipungui kwa asilimia, ni 20.9% ufukweni na ni 20.9% kileleni. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani msukumo unaoisukuma oksijeni ivuke kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Chumba chako kinafanya kinyume: kanieneo ni ya kawaida ila oksijeni imechujwa. Matokeo yanakaribiana. Ukiwa usawa wa bahari, hewa uliyoivuta ikishapata joto na unyevu wa mwili, oksijeni yake inasukuma kwa takribani milimita 149 za zebaki, kipimo cha kanieneo. Chumbani kwa 14% ni takribani 100, sawa na mtu aliye mita 3000 hivi. Ndani kabisa ya vifuko vya mapafu inabaki kama 60. Kwa bahati, hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ina tabia ya kung'ang'ania oksijeni: hata kwa 60 bado hujaa karibu 90%. Ndiyo maana mtu akikaa chumbani tu anajiona mzima. Lakini 60 ni ukingo wa mteremko. Chini ya hapo kila milimita inayopotea inagharimu sana, na mtu anapojikamua damu hupita mapafuni mbio mbio, haipati muda wa kutosha kubeba mzigo wake. Weka kipima oksijeni kwenye sikio la mchezaji (kidole hakifai anaposhika mishikio) na utakiona kikishuka kwenye asilimia themanini na kitu.

Mwisho wa safari, ndani ya uzi wa msuli, hali ni ya ukata hata siku ya kawaida. Watafiti wa San Diego waliopima oksijeni kwenye msuli wa paja unaofanya kazi kwa bidii, mwaka 1995, walikuta msukumo wa takribani milimita 3 tu za zebaki katika hewa ya kawaida, na 2 hivi katika hewa haba. Mimi namba hizi bado hunishangaza. Kutoka 149 puani hadi 3 msulini! Msuli unaojituma huishi ukingoni mwa kukauka, na ndiyo sababu punguzo dogo huko juu linasikika huku chini.

Ukiwa na kile kifaa cha kubandika juu ya ngozi kinachopima oksijeni ya msuli kwa mwanga wa infraredi, utaona jambo ambalo kocha anaweza kulitumia. Wakati wa mkupuo mstari unaporomoka, na unaporomoka sana iwe ndani ya chumba au nje. Usiukodolee macho huo. Tazama mstari unavyopanda wakati wa mapumziko. Katika hewa haba haupandi kufikia ulipokuwa, na kila mapumziko unaishia chini kidogo ya pale ulipoishia awali. Utafiti wa François Billaut na Martin Buchheit wa mwaka 2013, uliofanywa kwa miguu, ulionyesha kwamba kupungua kwa kule kupanda kunaendana na kupungua kwa kazi anayoifanya mchezaji.

Na uchafu? Wengi watakuambia ni asidi ya laktiki. Mhukumiwa huyo amefungwa miaka mingi kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake. Lakteti, ambayo ndiyo sura ya asidi hiyo ndani ya mwili, ni kuni ambazo moyo na misuli mingine huziteketeza kwa furaha. Fosfokreatini inapovunjika hutoa fosfeti, na fosfeti ikirundikana hupunguza nguvu ya vishikizo vinavyovuta nyuzi, na kuifanya kalisi, madini yanayouamuru msuli ukaze, isisikike vizuri msulini. Ayoni za haidrojeni, yaani asidi yenyewe, huongeza uzito wake. Potasi huvuja nje ya uzi na kudhoofisha umeme unaoamsha mkazo. Hewa ikiwa haba, fosfokreatini huvunjika haraka zaidi kwa kazi ileile na hurudi polepole zaidi, kwa hiyo fosfeti inabaki sakafuni wakati mkupuo unaofuata unaanza. Mchezaji hasikii kwamba fosfeti imejaa. Anasikia mkono mzito usioitika.

Haya, mikono.

Misuli ya mikono na mabega ina kawaida ya kuwa na nyuzi nyingi za kasi kuliko misuli mikubwa ya miguu. Traisepsi, ule wa nyuma ya mkono wa juu, ni mfano mzuri: kwa watu wengi nyuzi za kasi ndizo nyingi. Nyuzi hizo hukaza kwa nguvu na haraka, lakini zina kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) chache na mitokondria chache, hivyo hulipa deni polepole. Pili, mikono si hodari kuchukua oksijeni iliyoletwa. José Calbet na wenzake, mwaka 2005, walipima wanaski hodari, watelezaji kwenye theluji wanaojisukuma kwa fimbo, watu ambao mikono yao imefanya kazi maisha yote, wakakuta miguu inachukua zaidi ya 90% ya oksijeni iliyomo kwenye damu iliyopita, na mikono takribani 85%. Kwa mtu asiye mwanaski wala mpiga kasia usitegemee afadhali. Kwa wanaski haohao ilionekana pia kwamba mikono hutoa lakteti na miguu huipokea na kuitumia, jambo linaloonyesha nani anazalisha deni na nani anasaidia kulilipa. Kwenye baiskeli ya mikono miguu imekaa tu, haisaidii kiasi hicho.

Halafu misuli yenyewe ni midogo na hukazwa kwa sehemu kubwa ya uwezo wake. Msuli uliokazwa sana huibana mishipa yake wenyewe, damu ikasubiri mlangoni. Kiganja ndicho kibaya zaidi: mchezaji anayeng'ang'ania mshikio hata wakati wa mapumziko anaufungia mkono wake damu katika dakika ileile anayoihitaji. Waambie waachie kabisa. Ni jambo dogo, halina gharama, na nimewaona wachezaji wakibisha mpaka waone namba zao wenyewe.

Lakini sehemu ninayodhani watu hawaipi uzito wake ni kifua. Vijana wako wamekuambia kifua kimebana, na ukichukulia kwamba ni malalamiko tu utakuwa umepitwa. Mpiga kayaki hana kifua cha kupumulia na kifua kingine cha kupigia kasia. Anacho kimoja. Misuli ya mbavu, ya tumbo, ya kifua na ile mipana ya mgongo inaajiriwa mara mbili: ivute hewa, na wakati huohuo iushikilie mwili ili mikono ipate pa kuegemea. Mtazame mkimbiaji aliyechoka: anainama na kushika magoti. Anaifungia mikono mahali ili misuli ya mabega isaidie kutanua mbavu. Mwendesha baiskeli hufanya hivyo kwa kushika usukani. Anayezungusha kwa mikono hana anasa hiyo. Akitulia kupumua anapoteza kuzungusha, akizungusha kwa nguvu anafunga pumzi. Sikiliza chumbani utasikia: wengi huacha kuhema kwa uhuru, wakaifunga pumzi kwenye mdundo wa mikono.

Sasa ongeza hewa haba juu ya hilo. Kwenye mishipa ya shingo kuna vihisio vidogo vinavyoonja oksijeni ya damu. Vikihisi imeshuka, vinaamuru pumzi ziongezwe mara moja. Kwa hiyo misuli ya kupumua inapewa kazi zaidi wakati ambapo tayari inatumikia mabwana wawili. Kundi la Jerome Dempsey huko Wisconsin lilionyesha, kwa waendesha baiskeli wanaofanya kazi ya kiwango cha juu kabisa, kwamba kupumua peke yake kunaweza kuchukua karibu 14 hadi 16% ya damu yote inayotoka kwenye moyo, na kwamba kiwambo, msuli mkuu wa kupumua ulio chini ya mapafu, na wenzake wakichoka, neva huamuru mishipa ya viungo vinavyofanya kazi ibane ili damu isiwapungukie. Mwili huilinda pumzi kwanza. Majaribio hayo yalikuwa ya miguu. Kwa mikono ninaona sababu zote za mvutano kuwa mkali zaidi, kwani wanaogombea damu wanaishi nyumba moja.

Ubongo nao una sehemu yake. Mikupuo inapoendelea, umeme unaotumwa kwenye misuli hupungua, na vipimo vya umeme wa misuli huonyesha hivyo. Kwa kiwango cha chumba chako sehemu kubwa ya uchovu iko msulini. Oksijeni ya damu ikiteremka hadi 70 au 75%, mambo yanageuka: ubongo wenyewe unaanza kukosa, unapunguza amri hata kama msuli bado una kitu. Ukifika huko hufundishi tena misuli.

Ndiyo maana miguu iliwasumbua kidogo. Miguu yao si mizima kuliko mikono kwa muujiza wowote. Ina nyuzi nyingi zaidi za kudumu, hunyonya oksijeni vizuri, na haigombani na mbavu.

Swali la faida. Hapa nitakuwa makini, maana watu wa fani hii wanabishana na kila upande una hoja. Mwaka 2013 Raphaël Faiss, Grégoire Millet na wenzao wa Lausanne, Uswisi, waliwafanyisha waendesha baiskeli vipindi nane vya mikupuo kwa wiki nne. Waliofanya katika hewa ya mita 3000 waliongeza idadi ya mikupuo wanayoweza kumudu kutoka wastani wa 9 hadi 13. Waliofanya katika hewa ya kawaida walibaki pale pale. Mwaka 2015 wakalijaribu kwa mikono, na hili ndilo la kwako: wanaski wa mashindano, kusukuma kwa fimbo mbili, mikupuo ya sekunde 10 kwa mapumziko ya sekunde 20. Umefanya zoezi lao bila kujua. Seti nne za mikupuo mitano, vipindi sita ndani ya wiki mbili. Nguvu ya wastani ya mkupuo iliongezeka kwa makundi yote mawili, kwa hiyo mazoezi yenyewe yana faida popote. Tofauti ilikuwa kwenye ustahimilivu: kundi la hewa haba lilitoka mikupuo 10.9 hadi 17.1, na kundi la pili lilitoka 11.6 hadi 11.7.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba hewa ikiwa haba, mishipa midogo ya msuli hutanuka kufidia, kwa msaada wa oksidi ya nitriki, gesi ambayo mwili huitengeneza kulegeza mishipa, na wanaofaidika zaidi ni zile nyuzi za kasi ambazo siku zote zilikuwa zikipata damu kidogo. Ukizizoesha kupata damu wakati wa mapumziko, hulipa deni haraka. Faiss na wenzake walikuta pia mabadiliko kwenye jeni zinazohusiana na kusafirisha lakteti na kutuliza asidi, pamoja na jeni ya HIF-1, ile swichi ya seli inayohisi uhaba wa oksijeni, ambayo utafiti wake uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ukiangalia orodha ya udhaifu wa mikono niliyokupa juu, utaona kwa nini wengine wanaamini mikono ina nafasi kubwa ya kufaidika: ina nyuzi nyingi za aina hiyohiyo.

Upande wa pili, mwaka 2017 David Montero na Carsten Lundby walifanya jaribio ambalo wachezaji na wapimaji wote hawakujua nani anavuta hewa gani, na hawakuona faida yoyote ya ziada. Mimi nalipa uzito jaribio hilo, kwa sababu mtu akijua yuko chumba cha milimani hujituma kwa imani. Nikikusanya yote, msimamo wangu ni huu: zoezi ndilo lenye faida ya uhakika, hewa haba ni kiungo kinachoweza kuongeza kitu, hasa kwenye uwezo wa kurudia, na kwa mikono zaidi ya miguu. Kama unapata chumba bila kuharibu ratiba, tumia. Usiuze kasia kukilipia.

Ukiamua kuendelea, badilisha jambo moja kwanza. Mikupuo kumi mfululizo ni mingi mno. Ile ya sita hadi ya kumi haikuwa tena ya kasi, na nyuzi za kasi hufundishwa kwa kuitwa zifanye kazi kwa kasi. Kata iwe mitano, pumzisha dakika kama tano, rudia seti tatu au nne. Vipindi viwili au vitatu kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne, na siku hiyohiyo usiongeze zoezi zito la majini. Usishushe oksijeni zaidi ya hapo ulipo. Wanaotaka hewa ya mita 4000 au 5000 hupata wachezaji wanaozungusha polepole huku wakiteseka sana, na mateso si kipimo cha kitu.

Kupima, chukua kazi ya mikupuo yote, ugawanye kwa mkupuo bora uliozidishwa kwa idadi. Mchezaji ambaye bora wake ni wati 400 na jumla ya wastani wa mikupuo kumi ni 3400, alipaswa kupata 4000, kwa hiyo amehifadhi 85% na kupoteza 15. Fanya kipimo hicho nje ya chumba, kabla ya wiki ya kwanza na siku kadhaa baada ya kipindi cha mwisho. Angalia pia mkupuo bora haujashuka. Kuna wajanja watakaopata asilimia nzuri kwa kuanza taratibu.

Kabla ya hayo yote, uliza kuhusu selimundu. Hata mwenye kubeba chembe moja tu ya urithi wake, ambaye hajawahi kuumwa, anaweza kupata madhara makubwa, ikiwemo kuharibika kwa bandama, akichanganya jitihada kali na oksijeni haba. Mwenye upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo, au mjamzito naye asiingie bila daktari kukubali. Na kijana akipauka, akichanganyikiwa au kuumwa kichwa, atoke nje saa hiyohiyo. Hakuna kumalizia seti.

Na huyu mwenye barakoa. Barakoa ya aina hiyo haiondoi oksijeni hewani wala haishushi kanieneo. Inafanya njia ya hewa kuwa nyembamba, kwa hiyo misuli ya kupumua inavuta kwa shida, na inamrudishia sehemu ya hewa ya ukaa aliyoitoa. Oksijeni ya damu inaweza kuteleza kidogo, lakini si chumba cha mita 3000. Na kwa mpiga kasia ina ubaya wake wa pekee: inaongeza mzigo kwenye kifua kilekile tulichosema kinatumikia mabwana wawili, hivyo mikupuo yake inakuwa dhaifu tangu mwanzo. Kama anataka kuimarisha misuli ya kupumua, vipo vifaa vya kuvutia pumzi kwa upinzani, mtu ameketi, dakika chache kwa siku, mbali na mkupuo.

Akikuambia basi atabana pumzi badala yake, mkatalie kabisa ikiwa yuko ndani ya maji au juu yake. Anayeanza kwa kuhema sana ili abane muda mrefu huishusha hewa ya ukaa, na hiyo ndiyo inayotoa onyo la kuvuta pumzi. Oksijeni inaisha kabla onyo halijafika, mtu anazimia bila kuhisi chochote, na kayaki inabaki ikielea tupu.